Mwalimu Mstaafu Anajibu: Binti yangu kagoma kuandika habari za Zinjanthropus

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza hapa Moshi. Kwenye jaribio la Historia waliulizwa waeleze hatua za mageuzi ya binadamu, naye akaandika mstari mmoja tu: "Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake." Kapata sifuri katika alama kumi. Mwalimu akaisoma karatasi yake mbele ya darasa, watoto wakacheka, na mwanangu kalia wiki nzima. Mwalimu wake wa shule ya Jumapili anampongeza, anasema hata Marekani somo hilo walilipiga marufuku. Baba yake anataka tumhamishie shule ya kanisa. Tufanyeje?*
*Mama wa Pasua, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Naanza na kile kicheko, maana kimeniuma kuliko sifuri. Kuchukua imani ya mtoto na kuisoma hadharani ili wenzake wamcheke ni kosa, hata kama jibu lenyewe halikustahili alama. Nenda shuleni ukaonane na mwalimu huyo ninyi wawili tu, kabla ya kufika kwa mkuu wa shule, umweleze mtoto alivyoumia. Alama usidai.

Usidai kwa sababu swali halikumuuliza binti anaamini nini. Lilimtaka aeleze wataalamu wanasema nini. Nimefundisha Historia miaka 31, na kila mwaka nilikuwa na wanafunzi walokole, Walutheri wenzangu na vijana waliotoka madrasa, wote wakiogopa mada hii. Niliwaambia: mkieleza mila za Wachagga za zamani hamjarudi kwenye matambiko, na mkieleza nadharia ya Darwin ya mageuzi hamjaikana dini.

Habari ya Marekani aliyowapa mwalimu wa Jumapili ni nusu. Jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kukataza somo hilo mwaka 1925, na mwaka huohuo mwalimu John Scopes akashtakiwa katika mji wa Dayton, akatozwa faini ya dola 100. Ila jimbo hilo lenyewe liliifuta sheria yake mwaka 1967, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikabatilisha sheria kama hiyo ya jimbo la Arkansas.

Shule ya kanisa? Kama baba anaipendea malezi, sawa. Kama anaikimbia mada hii, ada itakwenda bure. Mitaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na mtihani hutungwa na Baraza la Mitihani, kwa shule ya serikali, ya kanisa na seminari ya Kiislamu vilevile. Dini nayo ina masomo yake kwa wanaoyachagua, Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu, na yanatahiniwa kidato cha nne.

Sasa nikusimulie jambo. Mwaka 1994 mzazi mmoja, mwinjilisti, aliniletea daftari la mwanawe. Mchoro wa fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ulikuwa umekatwa kwa wembe, vizuri kabisa, kama anayekata kitambaa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nasali. Nikamwambia nasali, nikamwomba afuatane nasi kwenye safari ya Bonde la Oldupai, fuvu hilo lilikopatikana. Tuliondoka Moshi usiku, tukapita Makuyuni na Mto wa Mbu kwa vumbi hata nywele zikawa nyekundu. Kule tukaelezwa jinsi mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alivyoliona fuvu lile tarehe 17 Julai 1959, na jinsi umri wake ulivyopimwa kwa tabaka za majivu ya volkano, ukapatikana miaka milioni 1.75 hivi. Mumewe Louis, ambaye siku hiyo homa ilimlaza kambini, alizaliwa Kabete, Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Hilo mwinjilisti aliniomba nilirudie.

Kisha akasimama mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli, mahali pasipo mbali na Oldupai, za zaidi ya miaka milioni tatu na nusu: watu wanatembea pamoja, mmoja akikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake. Akakaa kimya muda mrefu. Njiani kurudi aliniambia bado anaamini kitabu cha Mwanzo kama alivyofundishwa, lakini mwanawe atauchora upya ule mchoro. Nami sikutaka zaidi ya hapo.

Kwa hiyo wewe na binti pandeni basi Jumamosi moja mwende Arusha, Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma la zamani la Wajerumani, karibu na Mnara wa Saa. Aangalie mwenyewe, aulize. Huyo mwalimu wa Jumapili mwalikeni pia, nauli mchangiane. Na mwambie binti kwamba akifika kwenye urithi wa sifa katika Baiolojia atakutana na Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza njegere katika bustani ya monasteri yake.

Mkirudi, ajibu tena lile swali. Aanze na maneno "Kwa mujibu wa wataalamu wa mambo ya kale", ataje hatua zote, na chini, akitaka, aandike ule mstari wake wa kwanza. Anitumie kupitia gazeti hili. Nitamsahihishia kwa kalamu nyekundu, na ule mstari sitaukata.