Maswali ya Wasomaji: Nyuso za Wakazi Ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana saba wa Ngamiani, Tanga. Tumewapiga picha wazee na mama lishe wa mtaani kwetu ili tuzichapishe kubwa na kuzibandika kwenye ukuta wa nyumba iliyo karibu na soko. Wote walikubali, lakini mama lishe watatu sasa hawataki zao zibandikwe. Je, ridhaa yao ya mwanzo haitoshi? Na kipi bora, karatasi au rangi?
Mpenda Picha, Tanga

JIBU: Haitoshi. Kukubali kupigwa picha na kijana wa jirani ni jambo moja, na kukubali uso wako ukae ukutani, mkubwa kama mlango, mbele ya wateja, wakwe na wanaokudai, ni jambo jingine kabisa. Mama zenu hawakuwageuka. Wameelewa sasa lile ambalo hamkuwaeleza mapema. Msiwabembeleze. Waliobaki nao wapelekeni ukutani penyewe, waone mahali na ukubwa, ndipo muwaombe ridhaa upya.

Mwaka 2009 msanii Mfaransa ajulikanaye kama JR alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, yapatayo mita za mraba 2,000, kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa huko. Picha nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni, macho tu, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati mteremkoni chini ya reli, hata treni ilipopita nyuso zikakamilika kwa sekunde chache. Watu wengi husimulia treni. Mimi huvutiwa zaidi na mapaa, kwa sababu picha zake zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji, na mvua iliponyesha zikawakinga waliokuwa ndani. Waulizeni wazee wenu picha zitawafaa nini, kabla hamjauliza zitapendeza vipi.

Hata hivyo, kule Kibera kamera ilikuwa mkononi mwa mgeni. Mathare, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, walianzia upande wa pili: mwaka 1997, katika mradi wa Shootback, vijana 31 wa chama cha michezo cha MYSA walipewa kamera za plastiki za bei nafuu, wakafundishwa, wakapiga picha za nyumba na jamaa zao na kuandika maelezo yake wenyewe. Nanyi mnaweza kuwapa mama lishe simu. Asiyetaka uso wake uonekane huenda akapenda kuonyesha jiko lake, masufuria yake au mikono yake ikikuna nazi, na picha hiyo itakuwa yake kweli.

Kuhusu ukuta, nashauri karatasi na gundi ya unga wa ngano uliopikwa. Kwangueni kwanza chokaa inayochubuka, pakeni gundi, bandikeni mkisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, kisha pakeni tena juu yake. Masika itaziondoa, na hilo si hasara: anayejuta baadaye hangoji muda mrefu, ilhali rangi hudumu pamoja na makosa yake. Ruhusa iandikwe na mwenye nyumba, si mpangaji, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajulishwe.

Kila aliyepigwa picha apewe nakala yake. Zile za mama watatu zifuteni simuni wakiwapo, wakishuhudia.