Kabla ya kununua gari la viti saba, lijaze watu kwanza

Gari letu nililikagua likiwa tupu. Kosa hilo ndilo linalonifanya niandike leo, maana hapa Lubumbashi, Kongo, hazipiti wiki mbili kabla mzazi mwenye watoto wanne au watano hajaniuliza: "Papa, mutuka yako ile inafaa?" Inafaa. Tuna miaka minne nayo na sijaijutia. Ila kuna mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa pesa.

Lilitumika Japani, likashuka melini Dar es Salaam, likapita Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa. Usukani uko kulia, injini ni ya petroli ya lita mbili, giaboksi ni ya CVT (aina ya otomatiki), viti safu tatu. Siku ya kulijaribu tulikuwa wawili tu, mimi na muuzaji, tukazunguka kwenye lami nzuri. Lilikwenda kimya, laini kabisa. Wiki ya pili tukapata msiba Likasi, kilomita kama 120. Tulipanda watu saba na mifuko miwili ya unga wa bukari (ugali). Tulipofika kwenye barabara ya udongo ya kuingilia mtaani, kila bonde lilitukwaruza tumbo la gari, na mama mkwe wangu alikuwa akishika kiti kwa mikono miwili.

Niliporudi nilichukua rula. Likiwa tupu, kutoka ardhini hadi chuma cha chini kabisa nilipata sentimita 19. Tulipopanda wote, zilibaki 14. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka na amotisa moja (kifaa kinachozuia gari lisidundedunde) ilikuwa ikivuja mafuta. Muuzaji hakunidanganya, mimi ndiye niliyepima kitu kisicho chetu, kwa sababu sisi hatusafiri wawili. Kwa hiyo nenda na familia kukagua. Wapakie wote, pita kwenye matuta, funga breki kwa nguvu mahali salama, panda mlima wowote ulio karibu. Asiyekubali ujaribu hivyo, mwachie gari lake.

Safu ya tatu nayo mpeleke aliye mrefu kati ya watoto wako aikalie nusu saa, si dakika moja. Wetu wa miaka kumi na mbili magoti yalimfika kifuani. Kule nyuma hakuna tundu la hewa baridi, na viti vikiinuliwa buti inabaki na nafasi ya mfuko mmoja wa kilo 25 uliosimamishwa. Kichwa cha anayekaa pale kiko karibu sana na kioo cha mlango wa nyuma, ndiyo maana mtoto mdogo simweki kabisa. Vuta pia kila mkanda, mmoja mmoja. Wetu mmoja haukuwa ukirudi.

Jambo lililonigharimu zaidi ni giaboksi. CVT haina gia za meno kama tulizozizoea: kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na puli zinapobadilisha upana, mwendo hubadilika. Mafuta yake hayalainishi tu, yanasaidia pia mkanda ushike bila kuteleza. Garaji moja ilinimwagia mafuta ya kawaida ya gia za otomatiki, nami nilisimama pale nikitazama bila kuuliza. Baada ya miezi miwili injini ikawa inalia juu huku gari likijivuta, hasa likijaa na kupanda. Makanika mwingine alinusa yale mafuta, akasema, "Papa, hii si ya kwake." Tuliliosha na kuweka ya CVT yenye namba inayotajwa kwenye kitabu cha gari, likapona, lakini aliniambia ningechelewa kidogo tu ningenunua giaboksi nzima. Sasa nabadilisha kila kilomita 40,000, na kopo nalinunua mwenyewe.

Usukani wa kulia katika nchi tunayoendesha upande wa kulia si jambo dogo. Kwenye njia ya Likasi na Kolwezi malori ya shaba hayaishi, na ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka. Mama watoto hukaa kushoto, yeye ndiye macho yangu. Asiposema "pita", nabaki nyuma hata dakika ishirini. Nikiwa peke yangu silipiti lori linalotembea, labda njia iwe imenyooka na naona mbali sana.

Taa wengi hawazifikirii. Za Japani zimetengenezwa ziangaze zaidi ukingo wa kushoto, wanakopita wao. Kwetu upande huo ndio wa anayekuja, basi unampofusha bila kujua, unashangaa kwa nini kila mtu anakuwashia taa. Kuzishusha kunapunguza shida, hakuimalizi. Nilitafuta taa za gari la aina hiyohiyo lililotengenezwa kwa nchi za usukani wa kushoto, nikafunga hizo.

Redio ya Kijapani hukomea karibu na 90 kwenye FM, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa huzipati. Hilo ni dogo.

Petroli inategemea mzigo: tukiwa wawili, lita 9 kwa kilomita 100, tukijaa, 11. Chujio la hewa nalisafisha kila mwezi kiangazi kwa sababu ya vumbi jekundu. Na kabla ya mvua za Novemba, soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu zilionekana mpya, kashata zote (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) zipo, kumbe ziliandikwa 1112, yaani za wiki ya 11 ya mwaka 2012. Tulizitoa zote nne.