Kabla ya Kuomba Faiba Nyumbani, Ijue Anwani Yako

Alhamisi iliyopita jioni, taa ya kijani iliwaka kwenye kifaa cha faiba, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, kilichofungwa ukutani mwa chumba changu cha kazi hapa Ipuli, Tabora, nami nikakaa mbele yake kwa muda mrefu bila kugusa kompyuta. Nilikuwa nimeisubiri kwa wiki 11. Katika wiki zote hizo, nguzo yenye kisanduku cha kugawia faiba ilikuwa imesimama hatua 12 kutoka getini kwangu, na katika wiki zote hizo kampuni iliendelea kunijibu kwamba nyumba yangu haijafikiwa na huduma. Nawaandikia ninyi ambao, kama mimi, mmeamua kwamba kazi ya kuwahudumia wateja wa nchi za nje inaweza kufanywa hapa hapa mkoani bila kuhamia Dar es Salaam, na ambao mnajua maana ya kuamka saa tisa usiku kutuma mafaili kwa bando la simu kwa kuwa ndiyo saa ambayo mtandao unapumua.

Fomu ya maombi iliniuliza anwani, nikaandika S.L.P., kama nilivyoandika kwenye kila fomu tangu shule ya msingi. Ikarudishwa. Nikaandika namba ya kiwanja na kitalu kutoka kwenye mkataba wa pango, ikarudishwa tena. Wakati huo niliona nasumbuliwa, lakini sasa naelewa kwamba hivyo ni vitu vitatu tofauti. Sanduku la posta linaonyesha mahali barua zako zinapokusubiri, nayo ni posta wala si kwako. Namba ya kiwanja inatoka kwenye ramani ya upimaji wa ardhi, ambayo fundi wa faiba hatembei nayo. Anwani ya makazi ni namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu tano, ambayo kwa mkoa wa Tabora huanza na 45, na ndiyo iliyotakiwa.

Nikakumbuka kibao. Nyumba tunayopanga ilipewa namba mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi iliyotangulia Sensa ya Agosti 23. Nilikikuta uani, nyuma ya lundo la matofali, kibao kidogo cha bati kilichoshikiliwa na misumari miwili, mmoja umeliwa na kutu kiasi kwamba kibao kilikuwa kinaning'inia upande. Nikakifuta vumbi, nikanakili namba, nikalipia gharama za kuunganishwa siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilikiamini kibao bila kujiuliza kwa nini kilikuwa uani.

Mafundi walipokuja, walinipigia simu wakiwa kwenye kichochoro cha nyuma. "Dada, tumefika, lakini huku hakuna nguzo ya kuvutia waya." Nikawaomba wazunguke mbele, nguzo waione kwa macho yao. Wakaja, wakaiangalia, kisha yule mkubwa wao akanieleza kwa upole kwamba kazi yao inafuata anwani iliyo kwenye ombi, na kwamba kisanduku cha nguzo ile kina nafasi chache ambazo zimepangwa kwa nyumba za barabara ya mbele. Kwenye mfumo wa anwani, nyumba yangu ilikuwa ya kichochoro. Mwaka huo wa 2022 mlango wake ulitazama nyuma. Baadaye mwenye nyumba alijenga ukuta na kufungua geti mbele, lakini hakuna aliyekwenda kutoa taarifa. Jioni nilipokea ujumbe kwamba ombi limefungwa kwa kuwa mteja hakupatikana. Mimi niliyewapa maji ya kunywa! Maneno hayo yaliniuma, na sitaficha kwamba bado yananiuma.

Ombi la pili lilikwama kwa namna ambayo sikuitegemea. Kampuni iliomba vipimo vya mahali, yaani namba mbili za latitudo na longitudo, kutoka kwenye ramani ya simu, nikavisoma kwa simu, mhudumu akaandika. Siku tano baadaye jibu likawa lile lile, eneo halijafikiwa. Nilipoomba nisomewe walichoandika, niligundua kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza haikuandikwa. Tabora ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, na alama hiyo ndiyo inayosema kusini. Ukiiondoa, nyumba inahamia nyuzi 5 kaskazini, yaani Sudan Kusini.

Wiki zilizofuata sitazisimulia, maana zilikuwa za kupiga simu na kusikiliza muziki. Itoshe kusema kwamba mteja wangu wa Nairobi, ambaye namhaririria video za masomo, alisubiri mara mbili, na mara ya tatu akampa kazi mtu mwingine.

Kilichonitoa ni ofisi ya mtaa. Mtendaji alikuja mwenyewe, akasimama getini na simu yake, akahesabu namba za majirani, za witiri upande huu na za shufwa upande ule, akairekebisha nyumba kwenye mfumo wa anwani ikawa ya barabara ya mbele, na siku hiyo hiyo nikapata barua ya utambulisho yenye namba mpya. Kampuni ilipopokea namba hiyo, nafasi kwenye nguzo ilionekana mara moja. Nilisimama karibu na fundi akimenya waya mpaka ukabaki uzi wa kioo mwembamba kama unywele, akaulaza na uzi wa pili ndani ya mashine ndogo, ukapita mwanga mweupe wa kufumba na kufumbua, na nyuzi mbili zikawa moja. Kazi nzima haikuchukua hata muda wa saa mbili.

Ndugu zangu, tusilipie kitu kabla hatujajua tunaishi wapi kwa mujibu wa mfumo. Nenda ofisi ya mtaa kwanza, uliza nyumba yako imeandikwa barabara gani, kisha linganisha na geti unalotumia leo, si lile lililokuwepo kibao kilipopigiliwa. Unapochukua vipimo vya mahali, toka nje, usimame getini na usubiri kiduara cha bluu kwenye ramani kipungue, kwa sababu chini ya bati simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita. Tuma namba kwa maandishi pamoja na alama yake ya kutoa, na usipunguze tarakimu: ya nne baada ya nukta ni kama mita 11, ya tano ni kama mita moja, na mita 11 zinatosha kukuhamishia kwenye nguzo ya jirani. Usilipe kabla mafundi hawajaja kupima nyumbani kwako. Hata wakikuambia nafasi zinaisha, usilipe. Na ukifungiwa ombi kwa madai kwamba hukupatikana, andika malalamiko kwa kampuni na utunze namba yake, kwa kuwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hupokea lalamiko ambalo mtoa huduma ameshindwa kulimaliza.

Tumezoea kumwelekeza mgeni kwa mwembe, kwa msikiti, kwa duka la fulani, na mgeni anafika, hivyo tunadhani anwani ni kazi ya serikali peke yake. Mwenye nyumba anayehamisha geti na kunyamaza anamwachia mpangaji deni, na mpangaji asiyeuliza analilipa kwa kazi yake, kama nilivyolilipa mimi.

Bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye mjukuu wake anataka kuunganishwa nguzo zitakapofika kichochoroni, amenionyesha kibao chake. Kina namba ile ile iliyokuwa kwenye kibao changu cha uani, ila mbele yake kuna herufi B ambayo jua limeifuta nusu. Jumatatu asubuhi tunakwenda pamoja kwa mtendaji.