Kutoka Getini Kisumu Hadi Darasa la Usalama Uingereza: Kwa Wanaojiandaa Kwenda

Ninawaandikia vijana wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na miji ya jirani ambao wamekwisha kupata barua za kukubaliwa, au bado wanazisubiri, kwenda kusomea usimamizi wa usalama wa umma katika vyuo vikuu vya Uingereza. Mimi nilisomea huko shahada ya uzamili baada ya kufanya kazi ya ulinzi Kisumu kwa miaka sita, minne ya kwanza nikiwa mlinzi wa getini na miwili ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu. Wengi huniuliza kuhusu viza na karo, nami nitayagusa hayo, lakini kuna jambo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote: yale mliyoyaona kwa macho yenu nyumbani ndiyo mali mtakayoingia nayo darasani, na mkiyaacha nyuma kwa kuyaona duni mtakaa mwaka mzima mkikariri visa vya watu wengine.

Nilipofika nilitarajia kufundishwa upekuzi, kamera na namna ya kukabiliana na wahalifu. Wiki ya kwanza tulipewa kisa cha ngazi. Tarehe 2 Januari 1971, mechi ya Rangers na Celtic ilipokuwa ikimalizika katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, watu 66 walikufa kwa kubanwa na kulaliana kwenye ngazi nambari 13 walipokuwa wakitoka. Hapakuwa na adui wala silaha. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba ngazi hiyo hiyo ilikuwa imewaua watu wawili mwaka 1961 na kuwajeruhi wengine katika miaka iliyofuata, na bado umati uliendelea kuteremshwa humo mechi baada ya mechi. Uchunguzi uliofuata ndio uliozaa sheria ya usalama wa viwanja ya mwaka 1975, na mwongozo wa viwanja wa nchi ile sasa huweka kikomo cha watu 47 katika kila mita 10 za mraba za sehemu ya kusimama. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba somo hili huanza mapema sana kuliko kazi ya polisi: huanza kwenye upana wa mlango, urefu wa ngazi na saa ya kuwaruhusu watu kutoka.

Katika semina niliinua mkono nikasimulia habari za Shule ya Msingi ya Kakamega, ambako jioni ya tarehe 3 Februari 2020 wanafunzi wasiopungua 13 walifariki katika mkanyagano kwenye ngazi walipokuwa wakienda nyumbani. Darasa zima lilinyamaza. Kisha mhadhiri akaniuliza kwa upole: ngazi zile zilikuwa na upana gani? Ni madarasa mangapi yaliyotoka kwa wakati mmoja? Je, kulikuwa na ngazi nyingine, na kama ilikuwapo, kwa nini haikutumika? Sikuweza kujibu hata swali moja. Niliujua uchungu wa tukio lile kama anavyoujua mtu yeyote wa upande wetu, lakini sikuwa na vipimo vyake, na bila vipimo sikuweza kumsaidia mtu yeyote kujenga ngazi iliyo salama zaidi.

Kwa sababu hiyo nawaomba mwanze kukusanya kabla ya kuondoka. Chukueni habari za magazeti na ripoti zilizokwisha kutolewa hadharani kuhusu matukio ya kwetu, kama vile moto wa lori la mafuta la Sachangwan karibu na Molo tarehe 31 Januari 2009, ambao uliwaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, na bwawa lililopasuka kule Solai tarehe 9 Mei 2018. Nendeni soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili, siku ambayo hufurika watu, mkahesabu njia za kutokea na kuandika ni zipi zimezibwa na meza za bidhaa. Andikeni mnayoyakumbuka kutoka kazini, kwa tarehe na saa. Hata hivyo, msichukue nyaraka za siri za mwajiri wala majina ya wenzenu, kwa kuwa mtu anayesomea usalama kwa kuvunja amana ya watu ameanza vibaya.

Kuhusu nadharia nitasema machache. Mtakutana mapema na ile ya wataalamu wa uhalifu Cohen na Felson ya mwaka 1979, isemayo kwamba uhalifu hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kutenda uhalifu, kitu au mtu anayefaa kulengwa, na ukosefu wa mlinzi anayeweza kuzuia. Ni nadharia nzuri, nami naitumia hadi leo, lakini ijaribuni kwa mambo ya nyumbani badala ya kuinukuu kama aya takatifu. Pale Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, giza likiingia, mlinzi anayemzuia mnyang'anyi wa simu mara nyingi ni mama anayekaanga samaki kando ya barabara, anayewajua wapita njia kwa sura, wala si mtu mwenye sare. Je, mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda mtaa wao, ulioanzishwa mwaka 2013 ulimpa mama huyo nguvu, au ulimwongezea hatari ya kuitwa mpasha habari? Swali kama hilo huweza kubeba insha nzima, na wenzenu wa darasani hawawezi kuliandika.

Somo lililonigusa kuliko yote lilihusu shambulio la Manchester la tarehe 22 Mei 2017, ambapo watu 22 waliuawa mwishoni mwa tamasha la muziki. Katika uchunguzi wa hadharani uliofanywa baadaye, mlinzi mmoja kijana alieleza kwamba alimtilia shaka mshambuliaji, mtu mwenye mkoba mgongoni, lakini alihofia kwamba akimkabili na kumbe amekosea, ataitwa mbaguzi. Alipojaribu kuita kwa redio, hakufanikiwa kupata msimamizi. Nilisoma maelezo yake mara tatu. Ni mlinzi gani wa getini asiyeijua hali hiyo? Umeona jambo, huna uhakika, aliye juu yako hapatikani, na ukikosea ni kibarua chako kitakachoota nyasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, kwamba mlango wa dharura wa jengo nililolinda ulikuwa ukifungwa kwa mnyororo kila usiku. Niliandika mara nne, na hakuna aliyesoma. Tasnifu yangu ilitokana na mlango ule: nilichunguza jinsi taarifa ya mlinzi wa chini inavyosafiri hadi kwa mwenye uamuzi, na ni wapi inapokwama.

Tasnifu ndiyo inayowaumiza wengi, basi isikilizeni habari yake vizuri. Katika shahada nyingi za uzamili za Uingereza huchukua theluthi moja ya uzito wote. Ukitaka kuwahoji watu nchini Kenya utahitaji kibali cha maadili cha chuo chako pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na vibali hivyo haviendi kwa haraka yako. Nilichelewa kuomba, nikapoteza karibu wiki sita. Nilipowafikia walinzi wenyewe, wengi waliogopa kuzungumza hadi nilipowahakikishia kwamba sitaandika jina la mtu, la kampuni wala la jengo. Msijenge utafiti wenu juu ya takwimu za ndani za polisi mkidhani mtapewa; chagueni swali linaloweza kujibiwa hata milango hiyo ikifungwa.

Upande wa uandishi, insha yangu ya kwanza ilipata alama 46, na alama ya kufaulu ilikuwa 50. Nilikuwa nimesimulia tukio kwa urefu kama anayeandika ripoti ya zamu. Maelezo ya pembeni yalisema kwamba nimeeleza kilichotokea vizuri lakini sijasema kwa nini kilitokea, wala kwa nini maelezo yangu yaaminiwe kuliko ya mwingine. Tangu siku hiyo nilianza kila insha kwa kujiandikia kwa Kiswahili, katika sentensi mbili, kile ninachokidai na mtu atakayenipinga angesema nini. Kila wazo la mwingine litajeni chanzo chake hata mkilibadili maneno, kwa sababu wizi wa maandishi huweza kukufukuzisha chuoni.

Kuhusu fedha na sheria za kukaa nitakuwa mfupi. Fedha za kuonyesha kwa viza hukaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango kinachotakiwa. Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kwa kawaida kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wanaofikiria kufanya kazi ya ulinzi kule wajue kwamba inahitaji leseni ya mamlaka ya sekta hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Sheria hiyo isomeni sambamba na yetu ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi. Kulinganisha hizo mbili kulinipa alama nzuri kuliko kazi zangu zote. Walio na familia wafahamu kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuandamana na wenzi au watoto. Kama hilo ni zito, baadhi ya vyuo hufundisha shahada hizi kwa masafa, na unaweza kusoma ukiwa Kisumu huku ukiendelea na kazi.

Niliporudi niliitwa kwenye usaili katika taasisi moja ya hapa mjini. Nilifika saa moja kabla ya wakati, nikakaa ng'ambo ya barabara na daftari, nikaangalia geti. Nilipoulizwa shahada yangu ingewafaa nini, niliwaambia kwamba magari ya mizigo yalizuia njia pekee ya kutokea kwa dakika 25, na kwamba mlinzi wao alijaribu mara mbili kumwita mtu ndani na hakujibiwa. Waliniomba niwaonyeshe daftari. Kisha mmoja wao akatoka kwenda kumwita mlinzi.