Dawa Iliyobaki Kabatini, na Maswali Mengine

Barua za wiki hii zimetoka Mikanjuni, Chumbageni na Ngamiani, hapa Tanga, na zote ni za unga, yaani heroini, au za dawa za maumivu zilizo ukoo mmoja nao. Nazijibu kama nilivyokuwa nikijibu wodini, kabla sijastaafu.

Shikamoo mama. Mama yetu amefariki kwa kansa. Kabatini imebaki nusu chupa ya mofini na vidonge vya tramadoli. Naona uchungu kuvitupa. Nifanyeje? (Binti, Mikanjuni)

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Najua chupa ile imeshikwa na mkono wake. Lakini itoe ndani kabla ya arobaini. Nyumba ya msiba haifungwi mlango: wanaingia majirani, wajukuu, vijana wa kukunja maturubai, na mmoja akiumwa kichwa ataelekezwa kabati lile lile. Heroini yenyewe hutengenezwa kutokana na mofini. Kipimo alichozoea mgonjwa kinaweza kusimamisha pumzi ya mtoto.

Irudishe dirisha la dawa la hospitali mlikopewa, ikiwa ndani ya chupa yake. Usimpe jirani mwenye mgonjwa kama wako, hata kwa huruma. Usimwage chooni, maana mitaani kwetu choo na kisima ni majirani. Vidonge vikishindikana kabisa kurudishwa, vitoe kwenye karatasi zake, uvikoroge na majivu na masimbi ya kahawa, funga kwenye kopo ndipo utupe. Nimewahi kumwona kijana jalalani akibonyeza karatasi ya vidonge tundu moja moja, kama mtu anayetafuta karanga iliyosahaulika kwenye ganda.

Wenye wagonjwa walio hai msinielewe vibaya. Mwenye kansa apewe mofini yake kama daktari alivyoandika, asikeshe analia. Ikae tu kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mmoja.

Mdogo wangu anavuta unga. Wazee wameamua tumfungie chumbani wiki mbili arosto imtoke. Wewe wasemaje? (Kaka mtu, Chumbageni)

Nasema msimfungie. Arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa, ni kutapika, kuharisha, jasho na mifupa kuuma, na aliyefungiwa anaweza kuishiwa maji mwilini huku nyie mnasikiliza nje. Akimaliza, mwili umeshasahau unga ila moyo haujasahau. Siku akitoka atavuta kile kile alichozoea, na mwili hautakiweza. Wengi tumewazika hivyo, tena familia ikiwa imeshaanza kushukuru Mungu.

Mpelekeni hospitali ya Bombo, kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga. Dawa ni bure. Anainywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza kurudi kazini. Tanzania imeanza huduma hii mwaka 2011 pale Muhimbili, si jambo la kubahatisha. Kazi yenu ndugu ni nauli, chai ya asubuhi, na mtu wa kumsindikiza miezi ya mwanzo bila kumwita teja. Hapo kwenye jina ndipo wazee wetu wanaposhindwa. Mkitaka ushauri kwanza, pigeni 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Si ni kubadilisha teja wa unga kuwa teja wa methadoni? (Baba, Ngamiani)

Mwenye kisukari anachoma insulini kila siku, na hatumwiti teja wa insulini.

Kijana alidondoka mbele ya kibanda changu, midomo imekuwa bluu, anakoroma. Watu wakataka kumnywesha maziwa. Ni sawa? (Fundi baiskeli, Ngamiani)

Hapana, maziwa yatampalia. Mwite kwa sauti, msugue kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, mlaze ubavu ili matapishi yasirudi kooni, na tafuteni bajaji mara moja. Pumzi ikikatika, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano hivi. Hospitali wana naloksoni, inayouondoa unga kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Akizinduka atataka kuondoka, pengine kwa matusi. Mzuieni: naloksoni huisha nguvu mapema, na unga uliobaki mwilini unaweza kumrudisha chini. Daktari aambiwe kweli ametumia nini. Anayeficha ili kumsitiri anampotezea muda.

Duka la dawa la mtaani linauza tramadoli bila cheti. (Jirani, Chumbageni)

Nenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au kwa mfamasia wa wilaya. Usiende kugombana dukani. Watahamisha boksi tu.