Kabati la bibi yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama umwite fundi alipige msasa kabati la bibi na kulipaka vanishi upya, kwa sababu ya lile duara lililoachwa na chupa ya chai. Kwanza niambie, duara lenyewe ni jeupe au limeelekea weusi? Likiwa jeupe, ni unyevu tu ulionasa kwenye vanishi, mbao haijaguswa. Tandika kitambaa cha pamba kikavu, pitisha pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke kwa sekunde chache, inua utazame, rudia. Mara nyingi linaondoka. Likiwa jeusi, maji yameshafika kwenye mbao, na hapo ndipo habari za fundi zinaweza kuzungumzwa.

Lakini msasa, mwanangu! Meza ya babu umeisahau?

Wewe ulikuwa bwenini wakati ule. Babu aliichongesha kwa mninga wa Urambo alipokuwa bado kazini relini, na upande aliozoea kukaa, ukingo ulikuwa umelainika na kubonyea kidogo kwa miaka ya viganja vyake. Arusi ilipokaribia, shangazi yako akaleta fundi bila kumuuliza mtu. Narudi kutoka sokoni, uani kumejaa vumbi la kahawia na harufu ya mninga imetanda hadi barazani. Ukingo ule kaupiga randa ukanyooka. Juu kasugua kwa kukata nyuzi za mbao, kisha kapaka vanishi ya kung'aa. Ukiinama asubuhi upande wa dirishani, mikwaruzo unaiona mpaka leo. Babu alikaa, akapapasa, akainuka bila kunywa chai.

Nasema shangazi alikosea. Ila naye alikuwa na lake: meza ilikuwa imefifia, ina madoa ya mafuta, na wakwe walikuwa njiani. Labda angepatikana fundi mwenye mkono... Hapana. Hata fundi bora asingeurudisha ukingo ule. Mninga hutunzwa, haufanywi mpya. Nimelisema hili tangu hujaoa.

Juu ya vanishi yake ya zamani, bibi hakulipaka kabati lile kitu zaidi ya nta ya nyuki, mara moja kwa mwaka, kidogo mno kwenye kitambaa, akisugua kufuata nyuzi mpaka kiganja kikipita hakinati. Vumbi alilifuta kila asubuhi kabla halijasuguliwa na viwiko vya watu, maana vumbi la kiangazi cha Tabora ni mchanga, na mchanga ni msasa. Kitambaa cha maji alikikamua hasa, na kikavu kikafuata papo hapo. Sabuni ya unga aliikataa. Mafuta ya taa vilevile: yanang'arisha leo, kesho yamekusanya vumbi. Na ile dawa ya kupuliza mnayonunua supamaketi huko Dar, soma kopo. Ikiwa na silikoni, iache, kwa sababu siku vanishi mpya ikihitajika kweli haitatulia, itafanya vishimo vishimo.

Haufanywi mpya, nakwambia.

Haya, kabati ni lako, bibi alikuachia wewe, sikuamulii. Ningekuwa mimi... basi, sikuamulii. Jaribu pasi Jumapili, uanzie ubavu wa nyuma usioonekana, unitumie picha ya duara kabla na baada. Huyo fundi, kama bado unamtaka, asubiri mpaka nizione.

Mama yako,
Tabora