Perth ni mji wa asubuhi: jibu kwa mama wa Mwanza anayehamia na watoto

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mumeo kapata kazi ya mgodini Australia ya Magharibi, mtaishi Perth, mna mtoto wa miaka 4 na wa miaka 9, na unachotaka kujua si viza wala mshahara bali siku zenyewe zinakwendaje: watoto watacheza wapi, wikiendi watu wanafanya nini, na kama upweke utakumaliza. Wenzangu waliokujibu kabla yangu wamekupa bei za nyumba. Mimi nitakujibu hayo mengine. Nina mwaka wa sita hapa, nimetokea Tanga, mume wangu ni fundi mitambo aliyeanzia Geita, na wanangu walifika wakiwa na umri unaokaribiana na wa wanao.

Shika hili kwanza, maana mengi yanatokana nalo: Perth ni mji wa asubuhi. Desemba jua linachomoza saa 11 na dakika chache alfajiri. Majimbo ya kusini-mashariki husogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Watu wa huku wamepigishwa kura ya maoni juu ya jambo hilo mara nne, 1975, 1984, 1992 na 2009, na mara zote nne wamekataa. Basi ukitoka nje saa 12 asubuhi unakuta umeshachelewa. Wazee wametoka kuogelea na mataulo shingoni, akina baba wanakimbia huku wakisukuma vigari vya watoto, mkahawa una foleni. Halafu saa 2 usiku mtaa umenyamaza kama kuna msiba. Mwezi wa kwanza nililia, nikamwambia mume wangu umetuleta makaburini. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nauangalia mji kwa saa ya Kizungu. Sisi si tunaanza kuhesabu saa jua likitoka? Hesabu hivyo hivyo na huku. Saa 1 ndiyo siku imeanza, saa 4 umemaliza matembezi, saa 6 uko ndani umefunga mapazia, saa 11 jioni unatoka tena.

Hili nililijua baada ya kuaibika. Jumapili yetu ya kwanza ya Januari tulisema twende ufukweni kama tulivyokuwa tukienda Raskazone kwetu Tanga, yaani baada ya chakula cha mchana, jua likilegea. Nikapika pilau, nikafunga sufuria kwa kanga, tukafika Cottesloe saa 8 mchana. Tuliona watu wanakunja vitu vyao na kuondoka, tukafurahi kwamba tumepata nafasi. Tukatandika mkeka. Hazikupita dakika kumi upepo ukaingia kutoka kusini-magharibi, si upepo wa kupepea, ule wa kukunyang'anya kitu mkononi. Mwavuli uling'oka ukabiringika mpaka kwa watu. Nilipofungua sufuria, mchanga ukaingia kabla ya kijiko. Mwanangu mdogo akatafuna mara moja akatema: "Mama, pilau ina mawe."

Upepo huo wenyeji wanauita Daktari wa Fremantle, kwa sababu unatokea upande wa bandari ya Fremantle na unaupoza mji mchana wa joto. Asubuhi za kiangazi upepo hutoka mashariki, bara, ni mkavu na una moto wa jangwa, lakini bahari inakuwa shwari kama kioo. Baada ya adhuhuri Daktari anaingia na bahari inachafuka. Mtu wa pwani nimezaliwa nasikia habari za kaskazi na kusi, halafu nimefika huku sikuuliza hata upepo wao unavuma saa ngapi! Usifanye kosa langu. Ufukweni nenda saa 1 asubuhi, saa 4 mko njiani kurudi.

Na ukiwa huko, tafuta bendera mbili, nusu nyekundu nusu njano. Watoto waingie majini katikati yake tu, ndipo waokoaji wanapoangalia. Kuna mikondo inayorudi baharini ambayo kwa macho inaonekana kama sehemu tulivu, na mgeni anaingia pale pale. Watoto wako waandikishe masomo ya kuogelea. Yapo ya likizo yanayoandaliwa na serikali ya jimbo kwa wenye miaka 5 kuendelea, na shule za msingi nazo huwapeleka kwa zamu. Wangu wa kwanza sasa anaogelea kuliko baba yake, anamcheka.

Jua nalo. Usiseme sisi weusi halitudhuru, nilisema hivyo, mtoto akabanduka ngozi puani. Shuleni hawana mjadala: huna kofia, huchezi, unakaa kivulini unawaangalia wenzako. Mwanangu mdogo alisahau kofia mara moja tu, tangu siku hiyo analala imening'inia kitasani.

Sasa wikiendi. Mji huu starehe yake kubwa iko nje na nyingi ni bure, na hilo ndilo lililotuokoa mwaka wa kwanza. Karibu kila mtaa una bustani yenye bembea, na nyingi zina majiko ya umeme ya kuchomea nyama ambayo manispaa imeyaweka kwa ajili ya yeyote. Unabonyeza kitufe, bamba la chuma linapata moto, baada ya muda linajizima, unabonyeza tena. Ukimaliza unalifuta umwachie mwenzio. Mume wangu mpaka leo hakubali kwamba ile ni nyama choma, anasema ni nyama ya kukaanga iliyopelekwa matembezi. Mkaa yeye anao nyumbani, lakini kiangazi kuna siku zinazotangazwa marufuku ya moto kabisa, jiko la mkaa nje haliruhusiwi, unabaki na gesi. Moto wa porini huku haufanyiwi utani.

Bustani kubwa ya katikati ya mji ni Kings Park, juu ya kilima, mto Swan na majengo yote yako chini yako. Ina hekta kama 400, sehemu kubwa ni msitu wenyewe wa asili. Nenda Septemba, maua ya porini yamefunguka, mengine yanafanana na makucha ya mnyama. Septemba hiyo hiyo jihadhari na ndege mmoja mweusi na mweupe anayelinda kiota. Sisi wa pwani kunguru tunawajua kwa wizi wa samaki, lakini huyu anashuka kichwani mwa mtoto aliye kwenye baiskeli kama anamdai. Ndiyo maana utaona watoto wamechomeka vijiti vya plastiki kwenye helmeti mpaka wanafanana na nungunungu.

Jumapili usafiri wa mabasi, treni na kivuko ni bure ukiwa na kadi ya nauli iitwayo SmartRider, utaratibu ulioanza Januari 2024. Sisi hupanda treni mpaka mjini, tunavuka mto kwa kivuko kutoka Elizabeth Quay, dakika chache tu, na wanangu wanakipenda kile kivuko kuliko bustani ya wanyama tunayokwenda ng'ambo. Ila ununuzi usiuweke Jumapili asubuhi. Maduka makubwa ya Perth hufunguliwa saa 5 na kufungwa saa 11 jioni siku hiyo. Ukikosa maziwa, kimbilia duka dogo la mtaani.

Kisiwa cha Rottnest utakipenda, lakini nauli ya boti ni ya kujipanga, sisi huenda mara moja kwa mwaka. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, kila mtu ni baiskeli, na kuna kwoka, mnyama wa jamii ya kangaruu mwenye ukubwa wa paka na uso kama anacheka. Hakuna kumshika wala kumlisha, ni kosa la kisheria. Wanao wakishakua waambie pia kwamba kisiwa hicho, ambacho wenyeji Wanoongar wanakiita Wadjemup, kilikuwa jela ya wanaume wa asili ya nchi hii kuanzia 1838 hadi 1931. Mimi nilikwenda mara mbili nikipiga picha na kwoka kabla sijasoma bango la makaburi ya wafungwa hao.

Lakini siku ninayoingoja mimi ni ya kaa. Mandurah iko kusini, kilomita kama 70, unaweza kwenda hata kwa treni. Kuna maji mapana yasiyo na kina, yanakufika magotini, mapajani. Kila mtu na wavu wake wa mpini mrefu, mnatembea polepole, na nyuma ya baba linaelea beseni lililofungwa kamba kiunoni. Kaa ni wa buluu, wamejifukia mchangani macho yakitoka. Mwanangu akimwona hapigi kelele, ananyanyua mkono tu. Ukimnasa unampima kwa kipimo cha plastiki: gamba likiwa chini ya milimita 127 kutoka ncha hadi ncha, anarudi majini. Jike mwenye mayai anarudi hata awe mkubwa namna gani. Na kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba kule ni marufuku, anaachwa azaliane. Mara ya kwanza nilinung'unika kupima kaa kama nguo, nikakumbuka nyumbani mikoko ya utotoni mwetu ilivyobaki matope matupu. Jioni nawapika kwa nazi na ndimu. Hapo Tanga iko mezani kabisa.

Na kuna jambo litakugusa siku utakayokaa ufukweni jioni Daktari akishatulia. Bahari ni ile ile ya Hindi, ila huku iko magharibi. Nyumbani tulikuwa tunaliona jua likitoka majini, huku linazama humo humo. Mwanangu aliniuliza kama linakwenda kwa bibi. Nikamwambia ndiyo, kwa bibi sasa hivi ni mchana. Tofauti ni saa 5, kwa hiyo watoto wakilala saa 2 usiku, mama yangu ni saa 9 alasiri ametoka kuswali, tunaongea mpaka bando liishe.

Kuhusu upweke sikufichi. Kama mumeo kazi yake ni ya kuruka na ndege kwenda Pilbara, eneo la migodi kaskazini mwa jimbo, atakuwa huko wiki mbili na nyumbani wiki moja, au zamu nyingine za namna hiyo. Hizo wiki mbili wewe ndiye baba, mama, dereva na fundi bomba. Dada wa kazi hakuna. Shule inatoa watoto saa 9 alasiri, na ruzuku ya malezi ya watoto wadogo kwa kawaida haiwahusu wenye viza za muda, kwa hiyo kazi utakayoitafuta itategemea saa hizo. Mwaka wa kwanza nilikuwa naongea na mashine ya kufulia.

Kilichonitoa ni maktaba ya mtaa. Uanachama ni bure, na asubuhi fulani za wiki wanawaimbia na kuwasomea hadithi watoto wadogo. Nilikwenda kwa ajili ya kiyoyozi, nisikudanganye. Pale nikakuta mama mwingine ambaye mumewe yuko mgodini, kisha wa tatu. Mji huu umejaa wake wa zamu. Huyo wa tatu ni Mkongo wa Bukavu, siku ya kwanza kanisikia namgombeza mwanangu, akageuka: "Weye unasema Kiswahili?" Sasa Jumamosi asubuhi tuko familia nne bustanini, yeye anasema batoto, mimi nasema watoto, na hao wenyewe wanajibu kwa Kiingereza. Ukifika Mirrabooka, kitongoji cha hapa Perth, utaona maduka ya Waafrika, na unga wa sembe unapatikana pia kwenye maduka ya Waafrika Kusini, ambao Perth wako wengi. Kisamvu na mihogo ya barafu tafuta kwa Waasia. Kama unaswali, Msikiti wa Perth ulioko William Street upo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walioujenga ni wafanyabiashara na waendesha ngamia waliotoka upande wa Afghanistan na India.

Sherehe za watoto kadi huandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Saa 4 hadi saa 6 maana yake saa 6 wanafagia. Mimi nilifika saa 5 na nusu na zawadi yangu, nikakuta keki imekatwa.

Baridi ipo, Juni hadi Agosti, na nyumba zao ni baridi ndani kuliko nje. Masweta njoo nayo.

Umeuliza pia uje na nini. Kanga, madaftari ya Kiswahili ya watoto, dawa zako na karatasi zake. Mbegu acha, mimi za mchicha zilibaki uwanja wa ndege. Chochote cha chakula au cha mti tangaza kwenye ile fomu ya kuingilia nchini, usifiche, faini zao ni kali. Mimi nilikuja na mbuzi ya kukunia nazi, nikaitangaza. Afisa akaigeuzageuza, akapiga tochi kwenye kila kitundu akitafuta wadudu, akapapasa meno ya chuma, akaniuliza hiki ni kitu gani hasa. Kiingereza changu kilikuwa bado hakijachangamka. Nikaiweka sakafuni, nikaifungua, nikaikalia pale pale na gauni langu la safari, nikazungusha mikono hewani kama ninakuna. Wenzake wawili wakasogea kuangalia. Akaigonga muhuri, akanifungulia mlango.